Kazini naambiwa nazunguka, nyumbani naambiwa nimekuwa mkavu. Nimepotea?

*"Nafanya kazi na timu iliyotawanyika katika nchi sita. Vikao vyote ni kwa video na kwa Kiingereza, ambacho si lugha yangu ya kwanza. Miaka miwili iliyopita msimamizi wangu aliandika kwenye tathmini kwamba sisemi wazi na kwamba sichangii vikaoni. Iliniuma, nikajirekebisha. Nikajifunza kusema hapana bila kuzunguka na kuandika barua pepe za mistari miwili. Tathmini ikapanda. Mwezi uliopita shangazi alinipigia akitaka nihudhurie shughuli ya familia, nikamjibu: 'Sitaweza, nina kazi.' Akanyamaza, akaaga. Kesho yake kaka yangu akanitumia ujumbe wa maneno manne: mwacha mila ni mtumwa. Mwanangu wa miaka saba ananielewa ninaposema Kiswahili ila hunijibu kwa Kiingereza. Na kazini bado yupo mwenzangu anayeniandikia bila hata salamu, 'Faili iko wapi?', nami kila mara nahisi nimedharauliwa, ingawa siku hizi na mimi nawaandikia wengine hivyohivyo. Kule si mwenzao, huku si mwenzao. Je, huu ndio utandawazi unaosemwa kuwa unafuta tamaduni? Nichague upande mmoja nitulie?"*

Ndugu yangu,

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama kwenye maneno uliyoyatupia karibu na mwisho kana kwamba si kitu: kwamba nawe unawaandikia wengine vilevile anavyokuandikia huyo mwenzako. Maana yake unajua, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba mtu anaweza kuandika "Faili iko wapi?" bila chembe ya dharau. Na bado ukiipokea inakuchoma. Sioni unafiki hapo. Unaandika kwa mazoea ya kazini na unasoma kwa mazoea ya nyumbani, basi.

Najua barua pepe si shida yako kubwa. Unachotaka kujua ni kama bado u mtu wa kwenu. Naona ndiyo, na nitaeleza kwa nini. Ila lipo jambo ambalo hukuliuliza, nami naona ndilo linalokuchosha: katika maelezo yako yote, anayejirekebisha ni mmoja tu. Msimamizi hakusogea. Yule wa faili hakusogea. Shangazi na kaka nao wanakungoja urudi ulivyokuwa. Utandawazi umekukutanisha na watu wa nchi sita, lakini kazi yote ya kuelewana umeachiwa wewe.

Kuhusu utandawazi wenyewe, neno hili limebebeshwa mengi. Mwaka 1962 msomi wa Kanada, Marshall McLuhan, alieneza picha ya dunia iliyogeuzwa kijiji kimoja na vyombo vya mawasiliano vya umeme. Wengi waliipokea kama ahadi ya upendo. Aliyekulia kijijini angewaonya mapema kwamba watu wanaoonana kila siku ndio wanaogombana kila siku.

Hofu ya tamaduni kufutika si ya kubuni. Duniani zipo lugha zipatazo 7,000, na UNESCO inakadiria kwamba takriban asilimia 40 kati yake ziko hatarini. Lakini mambo mengi yanayovuka mipaka hayafiki yalivyotoka. Tazama methali aliyokutumia kaka yako. Neno "mila" asili yake ni Kiarabu. Ameitetea asili kwa neno la kuazima, wala hakuona ugeni wowote, na hakukosea, kwa sababu neno hilo limeshakuwa letu. Ndivyo ilivyo kwa "meza" iliyotoka kwa Wareno na "shule" iliyotoka kwa Wajerumani. Tumeyachukua maneno, kisha tukayatia katika sarufi yetu: tunasema "meza zao", tunasema "shuleni". Kwa hiyo tunapouliza kama utamaduni umepotea, swali lenye maana ni hili: je, bado tunavitumia vya wengine kwa mpangilio wetu, au mpangilio wenyewe umeondoka? Kwako wewe, mtu anayekosa usingizi kwa sababu shangazi alinyamaza kwenye simu, mpangilio haujaondoka.

Kabla sijaendelea, nikutahadharishe na semina za kazini zinazofundisha kwamba watu wa nchi fulani wako hivi na wa nchi fulani wako vile. Nyingi zinamfuata Mholanzi Geert Hofstede, aliyechambua zaidi ya dodoso 100,000 zilizojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi kati ya mwaka 1967 na 1973. Kazi yake ni kubwa, lakini alama alizozipa nchi ni wastani, na yeye mwenyewe alionya zisitumiwe kumpima mtu mmojammoja. Waendesha semina wengi huliacha onyo hilo mlangoni. Usimsome mwenzako wa faili kwa pasipoti yake.

Sasa tuje kwenye kinachotokea hasa. Mambo yakiharibika kati ya watu wa tamaduni mbili, wengi hutafuta sababu kwenye vitu vikubwa, imani na maadili, kumbe mara nyingi imejificha kwenye kiimbo na kwenye kimya cha nusu sekunde.

Mwanaisimu John Gumperz alisimulia kisa cha mgahawa wa wafanyakazi katika uwanja mkubwa wa ndege nchini Uingereza. Waliajiriwa wanawake kutoka India na Pakistani kuhudumu, na haukupita muda wakaanza kulalamikiwa kwamba ni wakali na hawana ushirikiano. Gumperz akasikiliza kanda. Mteja akichukua nyama, mhudumu anapaswa kumuuliza kama anataka mchuzi. Mhudumu Mwingereza alilitamka neno hilo moja akipandisha sauti mwishoni. Wanawake wale walilitamka neno lilelile wakishusha sauti. Kwa mteja, sauti iliyoshuka si swali, ni tangazo: mchuzi huu hapa, shika. Kwao wao, kuuliza kwa sauti inayoshuka ndiyo kawaida.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kushawishiwa sana juu ya hili. "Amefika?" na "Amefika." hazitofautiani hata herufi moja, kiimbo ndicho kinachobeba swali lote.

Kinachonigusa katika kisa hicho ni namna kila upande ulivyokuwa na ushahidi wake. Wateja waliona ukali. Wanawake waliona wanabaguliwa, kwa kuwa walisema neno lilelile wanalosema wenzao na wao tu ndio wanaolalamikiwa. (Sisemi ubaguzi haukuwepo. Ubaguzi na kutoelewana hulishana, na mara nyingi hukaa chumba kimoja.) Hakuna aliyewaambia "sauti yako imeshuka". Ukikosea sarufi ya lugha ya kigeni, watu wanasema bado unajifunza. Ukikosea kiimbo, au urefu wa kimya, au mahali pa salamu, wanasema huna adabu. Kosa la aina hii husomwa kama tabia ya mtu, na ndiyo sababu linauma pande zote mbili.

Kimya nacho kina hesabu yake. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha vipimo vya mazungumzo katika lugha kumi, wakiangalia muda unaopita kati ya swali la ndiyo au hapana na mwanzo wa jibu. Kwa wastani ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Wajapani walijibu karibu papo hapo, Wadenmaki wakachukua karibu nusu sekunde. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayeitambua kwa akili, lakini moyo unaitambua: anayekawia anaonekana anasita, anayewahi anaonekana anakatiza. Ongeza ucheleweshaji wa video. Mtu aliyelelewa kungoja nafasi iwe wazi ndipo aseme, kwenye kikao cha watu wanane atangoja mpaka kikao kifungwe, kwa sababu nafasi hiyo haiji. Kisha kwenye tathmini ataandikiwa kwamba hachangii.

Kwenye lile la "husemi wazi", hata hivyo, msimamizi wako ana hoja, na nisingekutendea haki kama ningekuficha. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall alieleza mwaka 1976 kwamba yapo mawasiliano ambayo sehemu kubwa ya maana imo katika muktadha: nani anasema, mbele ya nani, nini kimeachwa bila kutamkwa. Na yapo yanayotaka kila kitu kitamkwe. Ukimwambia mtu wa kwenu "nitaangalia", amesikia hapana, na ameisikia bila kuaibika. Lakini timu ya nchi sita haina muktadha wa pamoja wa kubebea maana hiyo. "Nitaangalia" yako mmoja ataandika kwenye ratiba kuwa ndiyo. Kusema wazi katika timu kama hiyo ni hitaji la kazi, kama kuandika tarehe kwa mpangilio mmoja. Hakukufanyi bora kuliko shangazi yako wala duni kuliko ulivyokuwa. Tatizo ni kwamba uliambiwa jambo hilo kwa lugha ya upungufu, ukalichukua kama hukumu juu ya malezi yako, kisha ukalibeba hadi kwenye simu ya nyumbani ambako halikuhitajika.

Je, mtu mmoja anaweza kubeba mipangilio miwili bila kupasuka? Anaweza. Mwaka 2000 Ying-yi Hong na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa Hong Kong waliokulia kati ya athari za China na za Magharibi. Waliwaonyesha baadhi yao alama za Marekani na wengine alama za China, kisha wakawapa picha ya samaki mmoja anayeogelea mbele ya kundi. Kwa nini yuko mbele? Walioona alama za Marekani walielekea zaidi kusema anawaongoza wenzake, yaani sababu imo ndani yake. Walioona alama za China walielekea zaidi kusema kundi linamfukuza au linamsukuma, yaani sababu iko nje yake. Hakuna aliyekuwa mnafiki. Vichwani mwao mlikuwa na miwani miwili, na mazingira yakachagua upi uvaliwe.

Utafiti uliofuata, ambao Verónica Benet-Martínez na wenzake waliuchapisha mwaka 2002, uliongeza jambo linalokuhusu moja kwa moja. Wachina wa Marekani walioziona tamaduni zao mbili kuwa zinapatana walibadilika kulingana na mazingira. Wale walioziona zinapigana walikwenda kinyume: wakionyeshwa alama za huku, waliitikia kwa namna ya kule. Nikisoma hivyo namkumbuka mtu anayemjibu shangazi kama anayejibu msimamizi, halafu anakasirikia barua pepe ya kazini kama aliyekosewa adabu na mpwa wake.

Kwa hiyo unaponiuliza kama uchague upande mmoja utulie, jibu langu ni hapana. Sisemi kwamba haiwezekani. Wapo waliochagua na wanaishi vizuri. Ukichagua kazi, utapata wepesi kwa miaka kadhaa, na gharama itakuja polepole, hasa kupitia mwanao. Ukichagua nyumbani, utapata heshima ya kaka, na huenda ukapoteza kazi unayoipenda. Mwanasaikolojia John Berry, aliyechunguza kwa miongo mingi watu wanaoishi kati ya tamaduni mbili, aliona kwamba wanaoshika zote mbili kwa kawaida wako salama zaidi kuliko walioacha moja, na walio pabaya zaidi ni waliotengwa na zote. Lakini wenzake wamemkosoa kwa haki: kushika zote mbili si uamuzi wako peke yako. Kunategemea kama pande hizo zinakuruhusu.

Ndiyo maana narudi kwenye mgawanyo wa kazi. Tangu miaka ya 1970 Howard Giles ameonyesha jinsi watu wanavyousogeza usemi wao kumwelekea wanayetaka awakubali, na mara nyingi anayesogea ni aliye chini. Wewe umesogea vya kutosha. Sasa omba wengine wasogee hatua mbili tatu, tena kwa mambo madogo yanayotekelezeka. Mwambie msimamizi: "Tangu tathmini ile nimebadilisha namna ninavyosema. Ningependa nasi tubadilishe namna tunavyoendesha vikao. Ajenda ije siku moja kabla, na kabla ya kufunga kila hoja, mwenyekiti aulize mmoja mmoja." Hilo halikusaidii wewe tu. Kiingereza kina wazungumzaji wengi zaidi waliojifunza kuliko waliozaliwa nacho, na katika timu kama yako huenda mnaosita ni zaidi ya nusu. Msimamizi akikataa bila sababu, umejua jambo muhimu kumhusu.

Kwa yule wa faili, fanya uchunguzi kabla ya hukumu. Tazama anavyowaandikia wengine, hasa walio juu yake. Kama wote anawaandikia mkato, ni mtindo wake, na unaweza kumwambia kwa utani kwamba neno moja la salamu hukufanya ulitafute faili haraka zaidi. Kama wengine anawasalimu na wewe tu ndiye anayekukatia, hisia zako zilikuwa sahihi, na huo si utandawazi tena. Niliwahi kununa wiki nzima kwa sababu mhariri mmoja alijibu barua yangu ya aya nne kwa neno "Sawa". Baadaye nikagundua kwamba kwake "Sawa" ndiyo sifa ya juu kabisa, na wengine hawakuwahi kuipata. Wiki ile sijarudishiwa.

Mwanao sasa. Anaelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza: hali hii ni ya kawaida sana kwa watoto wa lugha mbili, na si dalili ya kuchanganyikiwa. Mtoto huchagua lugha inayomgharimu kidogo kwa mtu aliye mbele yake, na ameshajua kwamba wewe Kiingereza unakielewa. Kumwadhibu kutamfunza kwamba Kiswahili ni lugha ya adhabu. Endelea kumjibu kwa Kiswahili bila kugomba, mtafutie watu na michezo ambayo bila Kiswahili haiendi, na uwakataze ndugu kucheka lafudhi yake, maana kicheko kimoja cha binamu kinaweza kufunga mdomo kwa mwaka. Nalisisitiza hili kuliko mengine. Joshua Fishman, aliyezichunguza lugha zinazofifia na zinazofufuliwa, alieleza mwaka 1991 kwamba mpaka wenyewe uko nyumbani, kati ya mzazi na mtoto. Shule na redio husaidia, lakini haziwezi kushika nafasi hiyo. Kama hofu yako ya kufutika ina mahali pa kweli, ni hapo, si kwenye barua pepe zako za mistari miwili.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama mtoto anapata shida katika lugha zote mbili, hazielewi au hasemi kama wenzake wa umri wake, mpeleke kwa mtaalamu wa matamshi na lugha, na usikubali ushauri wa kuacha lugha moja kabla hajapimwa katika zote mbili. Kama kazini lafudhi yako inachekwa, au unanyimwa nafasi kwa sababu ya asili yako, andika tarehe na maneno, uzungumze na chama cha wafanyakazi au mwanasheria. Hilo ni suala la haki, na kujirekebisha zaidi hakutalitibu. Na wewe mwenyewe: umesema "si mwenzao" kule na huku. Kama hisia hiyo inakunyima usingizi kwa wiki kadhaa, inakufanya uogope kupokea simu, au inakujia na wazo kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, usingoje. Muone mnasihi au daktari ana kwa ana, na kwa wazo hilo la mwisho mtafute leo, ukiwa na mtu unayemwamini. Ukipata mtaalamu aliyewahi kuishi kati ya lugha mbili, bora zaidi. Hutalazimika kuanza kwa kumfafanulia kwa nini kimya cha shangazi ni jambo zito.

Na shangazi. Ipo methali nyingine ambayo kaka yako hakuikumbuka: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Imesema ulifumbe, haikusema ulitoboe. Wewe ulilifumba kazini kwa sababu nzuri, ukasahau kulifumbua ulipopokea simu ya nyumbani. Mpigie. Usianze na maelezo ya kazi. Mjulie hali, muulize shughuli ilikwendaje, nani alikuja, nani alikosekana, na umwache asimulie mpaka amalize, hata kama saa inakukimbiza. Kisha mwambie kwamba siku ile ulimjibu vibaya, na kwamba hukuweza kwenda kweli. Yote mawili, kwa mpangilio huo. Akianza kukutania ujue umesamehewa. Kaka unaweza kumjibu wiki ijayo.